Dhiki ya dhamiri

Muuguzi Mswahili anapotoka zamu ya usiku London na kupiga simu nyumbani, Mombasa au Moshi, husema neno moja: nimechoka. Huambiwa pole, ulale. Lakini akilala hadi jioni na bado akaamka na uzito uleule, hapo tutafute neno jingine.

Hali hiyo ilipewa jina la Kiingereza, moral distress, mwaka 1984 na Mmarekani Andrew Jameton, katika kitabu chake cha maadili ya uuguzi. Alieleza kuwa muuguzi hulijua jambo lililo sahihi, ila taasisi anayoifanyia kazi humzuia kulitenda. Jameton aliitenga na mtanziko. Mwenye mtanziko amesimama njia panda, hajui ashike ipi. Muuguzi huyu njia anaijua, nayo imezibwa.

Chukua korido ya hospitali. Januari 2025, chama cha wauguzi cha Uingereza, RCN, kilitoa ripoti yenye ushuhuda wa wauguzi zaidi ya 5,000 kuhusu wagonjwa wanaotibiwa koridoni, mahali pasipo pazia, wala oksijeni ukutani, wala kengele ya kumwitia mtu. Muuguzi anajua kwamba mzee aliyelala pale anahitaji kitanda wodini. Kanuni za baraza linalomsajili zinamtaka alinde heshima ya mgonjwa na aripoti hatari anayoiona. Anaripoti. Zamu inayofuata, mzee mwingine amelazwa palepale. Watafiti Epstein na Hamric walieleza mwaka 2009 kuwa kila tukio la namna hii huacha mashapo moyoni, na linalofuata huanzia juu ya mashapo hayo. Ndiyo maana usingizi hauyaondoi.

Sasa tuiiteje? Mtafsiri mwenye haraka ataandika "dhiki ya maadili", na hapo atamkosea muuguzi. Dhiki ya kitu, kwa masikio yetu, ni uhaba wa kitu hicho. Msomaji ataelewa kwamba maadili yamepungua, kumbe yamejaa na hayana pa kupita. "Dhiki ya kimaadili" ina nafuu kidogo tu, kwa sababu maofisini mtu akisemwa ana tatizo la kimaadili, watu hufikiria rushwa au ulevi. "Majuto" na "kusutwa na nafsi" ni maneno mazuri, lakini humhusu aliyetenda kosa. Muuguzi huyu hakulitenda.

Mimi nashika "dhiki ya dhamiri". Dhiki tumeitoa katika Kiarabu, na asili yake ni ufinyu, kubanwa mahali pembamba. Hiyo ndiyo picha ya Jameton hasa. Dhamiri ni ile sauti ya ndani inayopambanua jema na baya. Tuandike kwa i mwishoni, maana dhamira ni kusudio, na kusudio la muuguzi halina shida. Nakiri kwamba "dhiki ya" bado inaweza kusikika kama uhaba, ila mtu husemwa hana dhamiri, hasemwi ana uhaba wake. Maana ya kubanwa ndiyo inayobaki.

Jina likiwa sahihi, lawama nayo huenda panapostahili. Tarehe 15 Desemba 2022 wauguzi waligoma mbele ya Hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto kutoka Bungeni, hospitali ambayo Florence Nightingale aliianzishia shule yake ya uuguzi mwaka 1860. RCN haikuwa imewahi kugoma England tangu kuundwa kwake mwaka 1916. Walidai mshahara, na walidai pia wauguzi wa kutosha wodini. Dai hilo la pili huwezi kulielewa kwa neno uchovu.

Kwa hiyo ndugu yako akikupigia simu kutoka London na kusema amechoka, mpe pole, kisha muulize: leo wamekuzuia kufanya nini?