Msimbo wa Hitilafu ya Gari Hupimwa Kabla ya Kununua Kipuri

Dereva anayewashiwa taa ya injini kati ya Somanga na Nangurukuru, katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, yuko mbali na maduka makubwa ya vipuri. Kipuri kisichopatikana Kilwa Masoko wala Lindi mjini huagizwa Dar es Salaam. Kikifungwa na taa ikaendelea kuwaka, mwenye gari amepoteza fedha na siku za kazi bila ya kupata nafuu yoyote.

Taa hiyo inapowaka, kompyuta ya gari huwa imehifadhi msimbo wa hitilafu. Mfumo wa pamoja wa misimbo hiyo, OBD-II, ulifanywa kuwa wa lazima Marekani kwa magari ya toleo la mwaka 1996. Mashine ya kupimia huchomekwa kwenye soketi yenye pini 16, kwa kawaida chini ya usukani. Msimbo unaoanza na P huhusu injini na gia, B bodi, C chasi pamoja na breki, na U mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Baadhi ya magari ya zamani kutoka Japani hayasomeki kwa mashine hizo. Misimbo yake huhesabiwa kwa mimweko ya taa ya dashibodi.

Jambo linalopotosha wengi ni kudhani kwamba msimbo hutaja kipuri kilichoharibika. Msimbo hutaja hali iliyoonekana na kompyuta. Mfano ni P0171, wenye maana kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Mara nyingi kihisi cha oksijeni ndicho hubadilishwa, ilhali kihisi hicho huenda kimetoa taarifa ya kweli. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, kihisi cha hewa kilichochafuka, chujio la mafuta lililoziba au pampu dhaifu. Kukagua mpira wa hewa hakugharimu chochote. Vivyo hivyo P0301, unaoashiria silinda ya kwanza kutochoma vizuri: fundi huhamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine, kisha hupima tena. Msimbo ukihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu; ukibaki palepale, plagi, injekta na nyaya huchunguzwa.

Katika ukanda wa pwani, viungio vya nyaya vistahili kutazamwa mapema zaidi. Unyevu wenye chumvi hula shaba na kuacha ukungu wa kijani, na kihisi kizima huonekana kibovu kwa sababu ya pini moja iliyooza. Maji ya mafuriko, kama yale yaliyokata barabara hiyo wilayani Kilwa Mei 2024, huingia pia katika viungio hivyo.

Mwenye gari anayo haki ya kuuliza namba ya msimbo na kuiandika kabla ya kufutwa, kwa kuwa kufuta huondoa pia kumbukumbu ya mwendo na joto la injini wakati wa hitilafu. Taa ya injini inayomwekamweka hudai kupunguza mwendo na kusimama mahali salama, maana mafuta yasiyoungua huweza kuharibu kisafisha moshi. Taa nyekundu ya shinikizo la oili hudai injini izimwe mara moja.

Baada ya matengenezo, msimbo hufutwa, gari huendeshwa katika mazingira yaleyale yaliyoleta hitilafu, kisha hupimwa upya kabla ya malipo ya mwisho.