Laptopu ya Mtumba na Meli Iliyofufuliwa

Mtu wa Rumonge anayesitasita kununua laptopu iliyotumika asidhani amekutana na fumbo jipya. Ziwa Tanganyika lililo mlangoni pake, lile linalompa ndagala, lilipokea chombo kilichokarabatiwa tangu 1927.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma, ikazinduliwa 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakiwakimbia Wabelgiji, waliizamisha wenyewe. Ila mafundi walikuwa na akili: kabla ya kuiacha walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ilikutwa bado inafaa. Ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zake za mvuke zikadumu hadi miaka ya 1970, zilipoipisha dizeli.

Basi hata kwa laptopu umri si hoja kubwa. Ilitunzwaje, na kimebadilishwa nini? Betri huchoka mapema kuliko prosesa, na diski ya zamani hubadilishwa kwa urahisi. Ubao mkuu ulioingia maji (na pwani hii maji hayako mbali) ni hasara tupu. Muuzaji asiyekubali uiwashe bila chaja, mwachie mali yake.

Mei 2015, ikiwa na miaka mia moja majini, Liemba ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, karibu na mpaka, na kuwafikisha Kigoma.