Kaukau za Ndizi, Kutoka Unguja hadi Maskati

Ndugu wa ukoo,

Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa ng'ambo, wazee wetu wa Unguja walihamia Maskati. Mimi niliwafuata ukubwani. Marehemu mama alikata ndizi mbichi nyembamba mno, akazikaanga kwa mafuta ya nazi. Hapana aliyeandika kipimo.

Mwaka 2010 Philips ilitoa jiko la kukaangia kwa hewa ya moto, nalo ndilo daktari aliloniruhusu. Vipande huloweshwa maji ya chumvi, hufutwa vikauke, hupakwa mafuta kidogo, wala havirundikwi, kwani hulainika. Nyuzi 160, dakika 15, huku nikivigeuza. Harufu ya nazi, nakiri, imepungua.

Anayekumbuka kiasi cha bizari alichotia mama, tafadhali aniandikie.