Mkwatuo: Prado Moja, Sura Tatu

Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha 150 iliingia sokoni Japani mwezi Septemba 2009, na Toyota haikuonyesha mrithi wake mpaka 2023. Katika muda huo wote gari hilo la familia, refu, zito na lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, lilivaa sura tatu: ya 2009, ya 2013 na ya 2017. Zote tatu zimejaa barabarani Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Asiyeyajua magari akizikuta zimeegeshwa pamoja ataapa kwamba ni magari matatu mbalimbali, na dalali akimwambia kwamba ile ya mwisho ni “modeli mpya” hatakuwa na sababu ya kumbishia.

Ana haki ya kubisha. Kizazi ni kilekile, chesisi ni ileile, milango ni ileile. Kilichofanyika ni kile ambacho Waingereza hukiita kwa jina la upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso, nasi tumelichukua jina hilo na kulitamka kwa mdomo wetu: fesilifti. Watu wa magari wamelizoea. Lakini linamwambia msikilizaji mambo machache mno, na hayo machache yenyewe yanampoteza.

Tuanze na jambo lenyewe. Mlango, paa, nguzo za pembeni na sakafu ya gari hukandamizwa kwa kalibu kubwa za chuma, na kuchonga kalibu mpya ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za kuleta gari jipya duniani. Tena ukigusa kiunzi cha bodi, umegusa namna gari linavyopokea mgongano, na itabidi ulipime upya. Kwa hiyo kiwanda, kinapotaka kulichangamsha gari lililokaa sokoni miaka minne au mitano, huviacha hivyo vyote mahali pake. Kinaangalia vinavyofunguka kwa spana: bampa, taa, boneti, madigadi, na grili, ile ambayo mafundi wengi wa Dar es Salaam huiita shoo. Ndani hubadilishwa usukani, skrini, saa za dashibodi na vitambaa vya viti. Ndiyo maana ukitaka kuzitofautisha Prado za 2009 na 2017 unatazama puani na mkiani. Ukizitazama ubavuni, kwenye milango na vioo, utahangaika.

Vipimo vinaeleza vizuri zaidi. Prado ya Japani ya sura ya pili ina urefu wa milimita 4760, na ya sura ya tatu ina milimita 4825. Lakini umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma haukusogea hata kidogo: milimita 2790 kabla, milimita 2790 baada. Gari liliongezwa ncha tu, katikati halikuguswa. Na hiyo pua mpya haikuwa ya urembo mtupu. Boneti ilibonyezwa katikati ili dereva aone vizuri ardhi iliyo mbele yake, na taa kubwa zikasogezwa ndani zaidi, upande wa grili, ili zisiwe za kwanza kupigwa na kisiki au jiwe njia inapokuwa mbaya. Anayeendesha gari hili kwenye njia za mbuga au za mlimani atajua thamani ya mambo hayo mawili kuliko anayelipeleka ofisini.

Lugha nyingine zimeshughulika vipi na dhana hii? Wajerumani husema Modellpflege, yaani utunzaji wa modeli, neno la mtu anayekilea kitu ili kisizeeke mapema. Wafaransa huwa na restylage, yaani kutia mtindo upya, na katika mazungumzo ya kawaida husema tu kwamba gari ni la awamu ya pili. Wajapani, ambao ndio wanaotuuzia sehemu kubwa ya magari yetu, wameligawa jambo katika ngazi tatu, na kila ngazi ina jina lake: badiliko zima la modeli, badiliko dogo, na marekebisho ya sehemu. Ngazi ya kwanza ni kizazi kipya. Ya pili ni ile ya sura. Ya tatu ni pale kiwanda kinapoongeza au kurekebisha kitu fulani bila kugusa sura. Wao wanajua wananunua ngazi ipi. Sisi tunapokea magari yaleyale kutoka bandari zao, lakini ngazi zote tatu zikifika Mombasa na Dar es Salaam hugeuka kuwa “modeli mpya.”

Kwa ngazi ya kizazi hatuna shida. Neno kizazi linatosha, linaeleweka, na limeshaanza kutumika. Shida ipo kwenye ngazi ya pili, na hapo napendekeza mkwatuo.

Kukwatua ni kukisugua chombo mpaka king'are, na kujikwatua ni kujipamba mtu akapendeza. Maana zote mbili zinabeba wazo moja: kitu ni kilekile kilichokuwapo, ila sasa kinaonekana vingine. Sinia lililokwatuliwa halikuwa sinia jipya, na aliyejikwatua hakuzaliwa upya. Hicho ndicho kiini cha dhana tunayoitafutia jina. Tafsiri ya neno kwa neno, kama “kuinua uso” au “kuvuta uso,” inaleta harufu ya hospitali na haisemi chochote juu ya bati na kalibu. “Umbo jipya” ni mbaya zaidi, kwa sababu umbo hasa ndilo lisilobadilika. “Uboreshaji” ni pana mno; kila kitu huboreshwa, kuanzia barabara mpaka mitaala.

Kisarufi mkwatuo hauleti tabu. Umeundwa kama mchoro kutoka chora, mkunjo kutoka kunja na mkato kutoka kata, na wingi wake ni mikwatuo. Kitenzi kipo tayari, pamoja na minyambuliko yake: Toyota iliikwatua Prado mara mbili, Prado ya 150 ilikwatuliwa 2013 na 2017, hii haijakwatuliwa, ile imekwatuliwa. Fesilifti haiwezi kufanya hivyo. Hakuna anayeweza kusema gari “limefesiliftiwa” bila kujikwaa ulimi.

Wasiwasi mmoja ni wa kweli na unastahili kujibiwa kwa kirefu. Mkwatuo unahusu kinachoonekana. Je, tutaliita nini badiliko lisiloonekana? Prado yenyewe inatulazimisha tuulize. Mwezi Juni 2015, katikati ya sura ya pili, Toyota ilifungua boneti ikaacha uso ulivyo. Huko Japani injini ya petroli ya silinda sita, lita 4.0, iliondolewa. Ikaingia dizeli mpya ya lita 2.8, yenye nguvu ya farasi 177 na msokoto wa nyutonimita 450. Ile ya petroli ya lita 2.7 ilibaki, lakini giaboksi yake ya otomatiki ikatoka gia nne kuwa gia sita. Kwa anayeendesha kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, hili ni badiliko kubwa kuliko taa na grili vikiwekwa pamoja: injini inanguruma kidogo kwenye mwendo mkubwa, na mlimani gari halihangaiki kutafuta gia. Nje, hata hivyo, Prado ya petroli ya mapema 2015 na ya mwishoni 2015 ni pacha.

Kinyume chake kikatokea 2017. Sura ikabadilika, ila ndani ya boneti mtu alikuta injini zilezile alizoziacha. Hapo katikati ya uso mpya kulikuwa na jambo jingine muhimu, nitalirudia. Halafu Agosti 2020, sura ikiwa ileile ya 2017, dizeli ikapandishwa mpaka nguvu ya farasi 204 na msokoto wa nyutonimita 500. Kwa hiyo uso na moyo wa gari hili vilikwenda kila kimoja kwa ratiba yake. Anayetumia neno moja kwa vyote viwili atanunua uso akidhani amenunua moyo.

Hivyo ngazi ya tatu nayo ipewe jina lake: maboresho, likifuatwa na kitu kilichoboreshwa. Maboresho ya injini, maboresho ya giaboksi, maboresho ya usalama. Prado ya Juni 2015 ilipata maboresho bila mkwatuo. Ya 2017 ilipata mkwatuo pamoja na maboresho ya usalama. Ya 2020 ilipata maboresho ya injini bila mkwatuo. Ukishayatenga maneno, historia ya gari inasomeka katika sentensi tatu fupi.

Sasa lile jambo la katikati ya uso. Kwa mkwatuo wa 2017 Prado za Japani zilikuja na mfumo wa kuzuia ajali: gari linaona gari jingine au mtembea kwa miguu, linaonya, na ikibidi linafunga breki lenyewe. Macho ya mfumo huo ni mawili. Moja ni rada iliyo nyuma ya nembo ya Toyota kwenye grili, na ndiyo maana nembo hiyo ni bapa na laini. La pili ni kamera iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Ukisimama mbele ya gari utaviona vyote kwa dakika moja.

Navitaja kwa sababu ya biashara inayoendelea kwenye karakana zetu. Seti kamili za sura ya 2017 huuzwa, boneti, madigadi, taa, bampa na grili, na fundi mzuri huifunga kwenye Prado ya 2010 ikakaa sawasawa, kwa kuwa kiunzi ni kimoja. Mwenye gari akifanya hivyo kwa kupenda kwake hana kosa. Lakini umri wa gari kwetu ni fedha: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Tanzania gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Mnunuzi anayesoma mwaka usoni anaweza kulipa tofauti ya miaka saba kwa plastiki na bati la mbele. Kwenye gari la namna hii nyuma ya nembo hakuna rada, na juu ya kioo hakuna kamera. Lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti itataja mwaka wa kweli. Kwa dizeli, kibati cha namba ya chesisi kitasaidia pia: inayoanza na GDJ150 ina injini ya lita 2.8, ambayo haikuwapo kabla ya 2015. KDJ150, tunayoiona kwenye magari yaliyotoka Uingereza, ni ile ya zamani ya lita 3.0.

Kazi hiyo ya karakana isiitwe mkwatuo. Mkwatuo ni wa kiwandani, una tarehe na unaingia katika kumbukumbu za gari. Kinachofanywa mtaani tukiite kuvisha sura, na gari lenyewe gari lililovishwa sura. Kiswahili cha mitaani hakijawahi kushindwa kuyapa magari majina: watu walioona bomba la hewa likipanda ubavuni mwa Land Cruiser mpaka juu ya paa waliliita gari hilo mkonga, na jina likashika bila kamati. Haya nayo yanaweza kushika, yakianzia kwenye matangazo ya magari.

Tangazo lingesomeka hivi: “Prado, kizazi cha 150, ya 2016, mkwatuo wa kwanza, maboresho ya giaboksi, petroli, gia sita, haijavishwa sura.” Na mrithi wa 2023 akianza kushuka kwa wingi bandarini, chesisi yake ikiwa mpya na magurudumu yake yameachana kwa milimita 2850, hapo dalali aseme modeli mpya kwa sauti yote anayotaka.