Kabla hujanunua kiyoyozi: hesabu ya chumba, waya na tokeni

Kila kaskazi ikishika, watu hunipigia kuniuliza AC ya chumba kimoja ni pesa ngapi. Huniuliza mimi kwa kuwa nilisomea umeme kabla ya kuingia kwenye uandishi. Jibu langu huwaudhi, maana huwarudishia maswali: chumba kina futi ngapi, juu ni slabu au mabati, dirisha linafunga, mita ni yako peke yako? Bei ya dukani ni kipande tu cha gharama, tena si kile kinachouma zaidi. Kinachouma ni waya na tokeni, na waya ukipuuzwa unaweza kuichoma nyumba na waliomo.

Sisemi kiyoyozi ni anasa. Miaka hii Ramadhani imekuwa ikituangukia Februari na Machi, miezi ambayo Mombasa mchana hufika digrii 32 au 33 na usiku joto halishuki sana chini ya 25. Mtu amefunga, amerudi tarawehe, anataka usingizi wa saa chache kabla ya daku, na feni inamrushia hewa ile ile ya moto. Mwenye mzazi mzee au mtoto mchanga ndani anajua ninachosema.

Tuanze na chumba. Mashine hupimwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto inachoweza kukitoa chumbani kwa saa. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinatoshwa na BTU 9,000. Cha 12 kwa 14 kinataka 12,000, na sebule ya 15 kwa 18 inataka 18,000. Ikiwa uko ghorofa ya juu kabisa, jua linapiga kutwa, panda daraja moja. Usipande mawili. Watu hudhani kubwa ndiyo bora, kumbe mashine iliyozidi chumba hupoza upesi ikajizima kabla haijakausha hewa, na taabu yetu Wapwani ni unyevu kuliko joto lenyewe. Utalala kwenye baridi ya majimaji, shuka zinanata.

Halafu chumba kifungike. Madirisha ya luva huvujisha baridi usiku kucha, na nyumba nyingi za Kiswahili zina nafasi kati ya ukuta na paa iliyoachwa makusudi ili hewa ipite. Ilikuwa hekima kubwa kabla ya mashine hizi, lakini kuwasha kiyoyozi humo ni kupoza mtaa. Chini ya mabati bila dari, usijisumbue. Chini ya makuti, hata usiulize. Ukiwa na pesa kidogo, piga dari kwanza na uweke pazia nzito upande wa jua la alasiri. Huenda ukagundua feni inakutosha.

Sasa bei. Kwa makadirio yangu, mashine ya BTU 12,000 ya kawaida inauzwa kati ya shilingi 45,000 na 60,000, na ya inveta kati ya 60,000 na 90,000 kulingana na jina lililoandikwa juu yake. Ufungaji ni 6,000 hadi 12,000, na mara nyingi unajumuisha mita tatu tu za paipu ya shaba. Kila mita ya ziada unalipia. Tuseme umechukua inveta ya 65,000. Ongeza ufungaji 8,000, paipu ya ziada 3,000, waya na breka 8,000, na kifaa cha kuilinda mashine stima inapopotea na kurudi kwa kishindo, 4,000. Umefika 88,000, na dirisha hujaligusa. Dukani tazama pia kibandiko cha nyota cha EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Nyota zikizidi, yuniti zinapungua.

Kwenye waya ndipo ninapokuwa mkali. Kiyoyozi hakichomekwi kwenye soketi moja na friji na pasi, wala kwenye ekstensheni. Kinataka laini yake kutoka kwenye boksi kuu ya umeme, waya wa milimita 2.5 kwa mashine ndogo na wa 4 kwa ya BTU 18,000 au pale umbali ulipo mrefu, breka yake ya ampea 16 au 20, na waya wa erthi unaofanya kazi kweli. Mitaa yetu imejaa nyumba ambazo chumba cha nyuma kimepata stima kwa kuunganishwa kutoka chumba cha mbele, na hicho cha mbele kutoka barazani. Waya kama huo ulivumilia taa na redio. Ukiutwika mashine inayofanya kazi saa nane mfululizo, hupata moto polepole ndani ya ukuta, na wenye nyumba wamelala, mlango umefungwa ili baridi isitoke. Sheria inataka kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni. Fundi wa kweli hakasiriki.

Na tokeni? Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 hula zaidi kidogo ya yuniti moja kwa saa kompresa inapozunguka. Kwa kuwa hupumzika, hesabu yuniti sita kwa usiku wa saa nane. Kwa shilingi 30 kwa yuniti, kodi zikiwemo, hiyo ni 180 kwa usiku, au 5,400 kwa mwezi. Inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, inaweza kushuka hadi yuniti nne: 3,600. Tofauti ni 1,800 kwa mwezi, kwa hiyo ziada uliyolipa dukani huweza kurudi kwa kaskazi mbili au tatu.

Lakini kuna mtego. Wateja wa nyumbani wamegawanywa makundi matatu kwa wastani wa matumizi: hadi yuniti 30, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Familia iliyokuwa ikitumia 80 ikiongeza kiyoyozi inavuka 100, na hapo hata stima ya taa na friji inapanda bei. Wapangaji wanaochanga tokeni za mita moja wakubaliane kabla, si baada. Ukiweka digrii 25 au 26 na feni ikazunguka taratibu, utalala vizuri kwa pesa chache kuliko yule aliyeweka 18 akajifunika blanketi.

Siku ya kufunga, muulize fundi kama amekuja na pampu ya kunyonya hewa kwenye paipu. Asiye nayo huachia gesi kidogo isukume hewa nje, na unyevu unaobaki huiua kompresa polepole. Paipu ya maji iteremke, tena isielekee kwa jirani. Waliokaribu na bahari wachague mashine ya nje ambayo mapezi yake yamepakwa kinga ya chumvi, na waioshe kwa maji baridi. Maji ya kisima chenye chumvi yataimaliza upesi.

Mpangaji, pata ruhusa ya maandishi kabla ya kutoboa ukuta. Na wa Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu ambayo iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, nendeni kwanza kwa ofisi ya uhifadhi. Mashine ikae darini au uani, si kando ya roshani ya kuchongwa.

Vichujio vioshwe kila wiki mbili wakati wa kaskazi, na fundi aje kila baada ya miezi minne. Akikwambia gesi imeisha, usimpe pesa ya kujaza bado. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jikoni, ikipungua inavuja. Mwambie atafute tundu kwanza.