Masomo ya bure yanaishia darasa la sita. Kisha nini?

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kipengele cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ya bure. Lakini wazazi waliendelea kulipa "prime" ya walimu mpaka Septemba 2019, Leta ilipoanza kutimiza neno hilo.

Bure hiyo inaishia darasa la sita. Kuanzia la saba, mzazi anatoa makuta tena. Hapa Kindu, mtoto wa mwenye mshahara anaendelea. Wa mlimaji ao wa mama anayeuza sombe sokoni, mara nyingi anakwama. Bila diploma ya Leta, anabakia na pikipiki ya mtu, shamba, ao machimbo ya kasiterite kule Kailo na Pangi. Huko hakuna mshahara wa mwezi wala bima ya ugonjwa.

Ugonjwa ukimshika, fishi, vipimo na dawa mara nyingi ni makuta ya mkononi. Kama hayapo, anangoja nyumbani. Akichelewa, ugonjwa unakuwa mkali, matibabu yanapanda bei, na minervali ya watoto ndiyo inaliwa kwanza. Hivi ndivyo umaskini wa baba unafika kwa mtoto.