Kariakoo na Habari za Kuinua Gari

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: MPAGAZI, SPRINGI, EKSELI, DIFU. Tutayatumia leo.

Ukipita Gerezani, karibu na soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam, utawaona mafundi wamelala chini ya magari ya porini. Wenye magari wanataka yainuliwe yawe marefu zaidi. Huenda wewe una gari kama hilo, au unaliendesha kwa ajira, au hulipanda tu kama abiria. Hata hivyo jambo hili linakuhusu, maana gari lililoinuliwa vibaya huua watu.

Tuanze na jina la mahali. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa katika nchi yetu toka mwaka 1914 hadi 1918. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Jeshi lao lilikuwa na malori, lakini mvua ziliponyesha malori yalizama topeni. Lilikuwa pia na farasi, nyumbu na ng'ombe, lakini wengi waliumwa na mbung'o wakafa. Basi mizigo ikawekwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kundi lao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa hapo lilipo soko. Katika vinywa vya watu jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila unapotaja Kariakoo unawakumbuka watu waliobeba mizigo kwa sababu magari yalishindwa na njia.

Sasa tuje kwenye magari yaliyoweza njia hizo. Mwezi wa Aprili 1948 kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza, mjini Amsterdam. Mwaka 1951 Toyota ya Japani ilitengeneza gari la namna hiyo, nalo mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Magari hayo yaliendeshwa kwa magurudumu yote manne, na springi zake zilikuwa mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi hizo zilifaa Afrika. Bapa moja likivunjika, fundi hulitoa na kutia jingine. Springi za koili, yaani za chuma kilichoviringishwa, zilikuja baadaye: Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa nazo, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 vile vile.

Njia zetu zilikuwa ngumu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na muda mfupi baadaye Zambia ikakosa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko. Mapipa ya mafuta yakapakiwa katika malori Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Zambia. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo, na masika ilikuwa matope matupu. Kwa dereva wa siku hizo, springi imara na gari lililo juu ya tope havikuwa pambo.

Basi ukitaka kuinua gari leo, jiulize kwanza: njia yangu ni ipi, na mzigo wangu ni kiasi gani? Kama unakwenda Kariakoo na kurudi Ilala kwa lami, acha gari lilivyo. Kama unakwenda shamba wakati wa masika, inchi mbili huwatosha wengi.

Sikiliza vizuri hapa. Springi huinua chesisi na bodi tu. Ekseli na difu hubaki pale pale, maana hukaa juu ya magurudumu. Ukitaka difu ipite juu ya jiwe, dawa yake ni tairi kubwa. Tairi likizidi kimo kwa inchi mbili, ekseli hupanda inchi moja, yaani nusu yake. Springi ndefu husaidia tairi hilo lipate nafasi, lisikwaruze bodi. Watu wengi hulipia springi, kisha hushangaa difu inapogonga jiwe lile lile.

Tena, usikubali springi kuukuu iliyovunjika ikaungwa kwa kuchomelea. Moto huo huiharibu chuma ya springi, nayo hukatika tena ghafla.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi huinua gari kwa jeki, kisha huweka chesisi juu ya stendi imara. Asilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hufungua shokomzoba na boliti zenye umbo la herufi U, hutoa springi ya zamani na kutia mpya. Shokomzoba ziwe ndefu zaidi. Mpira wa breki usivutike ekseli inaposhuka. Ukivutika, utiwe mrefu, maana ukikatika huna breki. Pini za springi zikazwe sana gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Baadaye usukani upimwe, na taa zishushwe zisiwapige macho wenzako. Baada ya kilomita mia chache, boliti zikazwe tena.

Mwisho, mkumbuke mpagazi. Mtu mwenye mzigo kichwani hakati kona mbio, kwa sababu uzito uko juu na utamwangusha. Gari lililoinuliwa ni vivyo hivyo. Kadiri linavyokuwa refu ndivyo linavyopinduka upesi, hasa likiwa na watu na magunia juu ya paa. Abiria naye ana haki ya kumwambia dereva, "Ndugu, punguza mwendo." Babu zetu walilipa kwa maisha yao kwa sababu magari yalishindwa na njia. Sisi tusilipe kwa maisha yetu kwa sababu ya kupenda gari refu.

Maswali ya darasa

1. Jina la Kariakoo lilitoka wapi?
2. Kwa nini springi za mabapa zilifaa Afrika?
3. Tairi likizidi kimo kwa inchi nne, difu itapanda inchi ngapi?
4. Mweleze jirani yako kwa nini gari refu hupinduka upesi.